Maji ya ndimu iliyomaliza kondoo za Yeiyo

Wakuu, supa. Kuna jamaa hapa ameuliza vile mtu anaweza toa gold kwa motherboard bila asidi kali. Kabla mumjibu, wacha niseme yaliyonipata mimi mwenyewe. Siongezi chumvi.

Mwisho wa nineties nilikuwa Kitengela, nanunua board za simu na computer zenye viwanda vya Athi River vimetupa.

Unatumbukiza board kwa asidi ya nitriki, copper inayeyuka, ngozi nyembamba ya gold inabaki. Moshi yake ni rangi ya kutu. Nilikohoa mpaka bibi yangu akahamisha watoto chumba ingine.

Mapema 2000s, rafiki yangu wa maabara akanionyesha njia ingine: citric ya unga, yaani asidi ya ndimu, ile ya kutengeneza juice, peroxide ya saloon, na chumvi. Ni pole pole, lakini moshi hakuna. Gold inaelea kama maganda ya kitunguu.

Nikatangazia kila mtu nimeachana na sumu. Ujinga ulianzia hapo.

Jirani yangu alikuwa mjane Mmaasai. Tulimwita Yeiyo, yaani mama. Alikuwa na kondoo tisa, na hizo ndizo zilikuwa zinasomesha mjukuu wake.

Maji ikishatumika nilikuwa namwaga kwa shimo nyuma ya plot. Ilikuwa bluu ya kupendeza. Kiangazi kikauma, kondoo zikaanza kulamba pale kwa sababu ya chumvi. Yeiyo akakuja kuniuliza kama iko na shida.

"Hapana, Yeiyo. Ni ndimu na chumvi tu."

Wakuu, niliamini. Sikufikiria copper yote imetoka kwa board iko ndani ya hiyo maji. Ile bluu ndiyo copper yenyewe! Na mimi ndio fundi.

Baada ya wiki chache macho zao zikawa manjano, mkojo kama strungi, chai bila maziwa. Saba zikakufa. Daktari wa mifugo akapasua moja, akaangalia ini, akaniuliza ni nini namwaga pale.

Yeiyo alikuwa amekaa chini, kichwa ya kondoo kwa mapaja yake. Nililia, na sioni haya kusema.

Mvua iliponyesha nikanunua kondoo jike mzuri soko ya Kajiado, nikampelekea. Kwa Wamaasai, ukipatia mtu kondoo, kutoka hiyo siku mnaitana Paker, mtu wangu wa kondoo. Ni heshima kubwa. Nikamnyooshea kamba, nikamwambia, "Takwenya, Paker."

Akashika kamba. Akaitikia salamu tu, kwa Kimaasai, "Iko." Halafu akaniambia, bila hasira, "Hii si zawadi. Hii ni ya kulipa. Ya kulipa haina jina."

Baadaye alihamia Mashuuru kwa binti yake, na huko ndiko alizikwa. Hakuwahi kuniita Paker.

Sasa wewe uliyeuliza, hiyo dawa ya ndimu ni nzuri kwa kifua yako, sikukatazi. Lakini chenye imetoka kwa board haijapotea, iko kwa maji. Jua utaipeleka wapi kabla uanze.

Na nyinyi mmeoa ama kuolewa Umaasaini, nisaidieni. Nikipelekea binti yake kondoo leo, ya zawadi tu, anaweza kuniita Paker, ama nilishachelewa?