Kabla Hujapandisha Mzigo Darini

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka napapasa shingo. Umenipigia simu kwamba gereji yako hapo Bariadi imeshaezekwa, foili ya kuzuia joto utanunua baadaye, na kwa sasa unataka kupandisha magunia darini kwa sababu "nafasi ipo bure." Hilo neno bure ndilo lililonikalisha chini niandike. Nimepatana bei na watu wengi, sijaona cha bure ambacho hakikurudi kudai.

Nilikuwa kijana, nimetoka Lingeka kuja kwa mjomba wangu Masanja anifundishe udereva. Mjomba alikuwa na pikapu moja, gereji mpya ya bati, na mashaka ya kutosha wilaya nzima. Ukimsalimia, anaigeuza salamu pande zote kabla ya kuitika. Fundi alimpigia dari ya mbao juu ya gereji, akaacha matundu mawili yanayotazamana chini ya paa.

"Mzee, joto tutalizuia ukileta vifaa," fundi akamwambia. "Kwa sasa usiweke kitu humo, na matundu haya usiyaguse. Paa linapumulia hapa."

Fundi alipoondoka, mjomba akaninong'oneza, "Fundi anayeacha tundu ana sababu zake. Mtu akipitisha kijiti chenye ndoano, gunia linaisha taratibu." Akakumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akasokomeza matambara kwenye matundu yote mawili, mle ndani pakawa giza. Methali ni nzuri, mwanangu, ila aliyeitunga hakuwa ameezeka bati.

Pamba yake kutoka Kasoli ilichumwa na umande, ikafungashwa hivyohivyo. Tukaipandisha yote, gunia juu ya gunia, mpaka likabaki pengo dogo tu chini ya bati. Ufunguo wa dari alikuwa nao yeye. Wa akiba nilikuwa nao mimi, na hapo ndipo shida ilipokaa.

Asubuhi moja akapanda kukagua. Nikasikia naitwa kwa sauti isiyo ya kuitiwa chai.

"Mpwa! Panda huku. Gusa."

Nikapanda ngazi nyuma yake, nikanyoosha mkono. Gunia limeloa, linanuka uvundo.

"Umechota pamba yangu, ukafidia uzito kwa maji," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Kwetu mtu akiona pamba imeloa hawazi paa, anawaza mizani. Wapo wauzaji wanaoimwagia maji, wengine huchanganya mchanga, ili ipime zaidi. Kwa hiyo mjomba hakuhitaji ushahidi. Alikuwa nao tangu kabla sijazaliwa.

"Leo naita sungusungu. Wakuulize wao."

Ukishaulizwa na sungusungu, hao walinzi wa jadi, hata ukijibu vizuri, jina la mwizi linakutangulia kwenu. Udereva ungeishia hapo, na mama yangu angezisikia habari zangu kisimani.

Mayu, yaani mkewe mjomba, alikuwa chini ameshikilia ngazi. "Baba Kulwa, msikilize mtoto kwanza."

"Mwizi hasikilizwi. Anapekuliwa."

"Nipekue, mjomba," nikasema, "lakini kwanza ingiza mkono katikati ya gunia."

Akaingiza. Pakavu. Nikamwambia aushushe mkono mpaka chini ya gunia. Pakavu.

"Sasa mwizi gani wa huku kwetu ataloanisha juu, mahali mnunuzi anapogusa kwanza? Anayejua kazi huloanisha katikati, juu akaacha pakavu."

Mjomba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayelijua jambo hilo vizuri mno. Amelijuaje, sikuuliza, nilikuwa bado nahitaji pa kulala.

"Labda wewe kazi huijui," akasema.

Hapohapo akashtuka, akashika shingo, akanigeukia. "Umenitemea mate?"

"Mjomba, mimi niko chini yako. Yangepandaje?"

Mayu akaangua kicheko mpaka ngazi ikatikisika. Tukainua macho. Kila ncha ya msumari iliyotokeza chini ya bati ilikuwa imening'iniza tone, na chini ya kila msumari gunia lilikuwa na doa. Mchana bati liliipika ile pamba, unyevu ukapanda kama mvuke. Usiku bati lilipoa, mvuke ukawa maji. Pa kutokea hapakuwepo. Mjomba alikuwa amejifungia mwizi ndani kwa matambara yake mwenyewe.

Hakuniomba radhi. Aliniomba nikachomoe matambara. Tukaishusha pamba, tukaianika. Ile ya juu ilikuwa imeshabadilika rangi. Sungusungu hawakuitwa. Jioni akaniambia tu, "Kesho utashika usukani. Lakini ule ufunguo wa akiba nirudishie."

Sasa nisikilize, mwanangu. Usipandishe mzigo kabla foili haijafungwa, na fundi akiifunga, simama hapo uangalie asiyafunike matundu ya hewa. Ukiogopa wezi, weka wavu wa chuma, hewa ipite na mkono ubaki nje. Kitakachopanda kiwe kikavu na chepesi, kisigusane na bati, na kisiwe kitu cha kula, maana moshi wa gari nao hupanda. Sikukatazi kushuku, mimi mwenyewe chenji naihesabu mara mbili. Ila anza kulishuku bati, halafu misumari, halafu haraka yako mwenyewe. Mtu awe wa mwisho, maana pamba ikiloa huanikwa, jina la mtu likiloa hulianiki popote.

Mungu akupe paa lenye pumzi na mali inayokauka, na walio chini ya paa hilo walale bila kuogopa kuitwa asubuhi.