Kocha Aliyemkataza Mdogo Wangu Kucheza

“Mwambie mama yako kijana hachezi tena. Kichwa chake kimegongwa vya kutosha.”

“Mwambie kocha hoki ndiyo itakayomsomesha mdogo wako,” mama akasema. “Au atamsomesha yeye?”

Nikatafsiri huku na huku, kando ya uwanja wa barafu hapa Buffalo, Marekani. Kocha akainamisha kichwa, akatuonyesha makovu. Alilipwa kucheza Louisville, kisha Columbus, na leo hakumbuki hata goli moja.

“Lakini anakula,” mama akanong’ona. Hilo sikulitafsiri. Mkalimani hubeba aibu za pande zote mbili, na mshahara hana.

Tukaenda kukusanya vifaa vya mdogo wangu, mama akilia. Tuliporudi kuaga, kocha alikuwa amesimama mlangoni. Akampa mdogo wangu mkono kwa furaha.

“Karibuni sana,” akasema. “Mmemleta kijana ajiunge na timu?”