Nyumba Iliyodhaniwa ni ya Bukoba

Juzi, dukani Kiruruma, mwenye duka alituonyesha picha alizoletewa na msafiri, akatutaka tukisie zimepigwa wapi. Ya kwanza sote tuliijua: kilima chetu cha Rugu. Ya pili ilikuwa nyumba ndefu yenye baraza.

"Bukoba," mkulima mmoja akasema.

Mke wa mwenye duka, ambaye kila mwaka humwomba mumewe amrudishe kwao pwani, aliitazama. "Bukoba kweli."

Mumewe akamgeukia. "Bibi, hiyo ni Bagamoyo. Nyumba ya baba yako."

Mke akaisogeza picha mlangoni penye mwanga. "Wameondoa makuti," akasema polepole, "wameweka bati."

Kisha akamwomba yule mkulima amletee miche ya migomba, aipande mwenyewe nyuma ya duka; kurudi pwani hakukutaja. Mchezo ukaishia hapo, na nadhani hakuna aliyeshinda.