Njia Niliyodai Naijua

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka kila kiangazi, na hata nikitaka kuisahau, mke wangu yupo wa kunikumbusha. Sogea nikusimulie, maana nasikia unatafuta mchumba, na tena nasikia unajua kila kitu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa huria. Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi Mwanza kilikuwa kimetupunguza, nami nikawa natoka Buzuruga na marobota ya mitumba, navuka na kivuko cha Kigongo, naenda kuuza kwenye magulio ya ng'ambo. Huko ndiko nilikokutana na Kabula, binti wa mfugaji wa Kisukuma. Alikuja kumnunulia baba yake koti, akaniambia mbele ya watu kwamba sijui hata kukunja koti ninalouza. Nilimpenda papo hapo. Ndugu zangu walisema nimerogwa. Ndugu zake walitazama mikono yangu laini wakacheka waziwazi. Tukaoana hivyo hivyo.

Rafiki yangu wa kiwandani alikuwa amehamia porini kufungua mashamba, akanitumia salamu nimfuate, pamoja na maelezo ya njia. Ni mwendo wa siku moja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Asubuhi ya kuondoka, baba mkwe akaniuliza kama njia naijua, maana angeweza kutupa mtu wa kutusindikiza. Shemeji zangu wote walikuwa wamesimama pale wakinisikiliza. Ningejibu nini?

"Baba, njia hiyo naijua vizuri," nikasema. "Nimeipita mara nyingi."

Mzee wa watu akatupa maksai wake wawili, Ruksa na Huria, akatuombea heri.

Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimepotea. Kabula akaniuliza, "Petro, una uhakika?" Nikasema ninao. Saa nane akauliza tena, nikamjibu kwa ukali kidogo. Mara gurudumu likapanda kisiki, mkokoteni ukainama, dumu letu la maji likaanguka na kupasuka. Akauliza mara ya tatu, nami nikasema tumekaribia. Hakuuliza tena. Tulilala chini ya mkokoteni bila tone la maji.

Kesho yake jua lilituwahi. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa mzito, maksai wakawa wanasimama kila baada ya hatua chache. Niliogopa, mwanangu, tena sana. Nimemtoa binti wa watu kwao, ndoa haina hata wiki, aje afie porini kwa uongo wangu! Nikaketi chini.

"Kabula, njia hii siijui. Sijawahi kuipita."

Akaenda kuwafungua maksai nira. Nikadhani anawaachia wapotee.

"Hawa wana kiu kutuzidi," akasema. "Tangu asubuhi wananusa upande ule, wewe unawavuta huku. Simama tuwafuate."

Tukaacha godoro, plau, mbegu, kila kitu. Ruksa akatangulia pua juu, Kabula nyuma yake, mimi wa mwisho kabisa. Baada ya mwendo wa saa moja hivi tukatokea kwenye bonde lenye matete na maji ya matope. Mpaka leo sijanywa maji matamu kama yale. Tulipotulia tukasikia shoka ng'ambo ya bonde: watu waliohamia huko walikuwa wakikata miti, na rafiki yangu miongoni mwao.

Nikamuuliza Kabula alijua lini kwamba nimepotea.

"Jana, kabla ya saa sita."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza mara tatu. Nilitaka kujua nimeolewa na mtu gani. Usingesema leo, ningekufikisha kwenye maji unywe ushibe, kisha ningewarudisha maksai kwa baba, nami nibaki huko huko."

Nikainama nikajifanya naosha miguu. Aliponiona hivyo, akanirushia maji usoni, akacheka mpaka akakaa chini.

Basi sikia, mwanangu. Siku utakayokuwa hujui, sema hujui, tena mapema. Anayejua mwache atangulie, na ukimfuata usinune. Mwenzio anaweza kuvumilia kiu, pori na hata uzembe wako. Kuishi na mtu asiyesema ukweli ni kazi ngumu mno, na mimi nusura nimpoteze Kabula kwa hilo. Mungu akujalie mwenzi mvumilivu, akupe na moyo wa kumjibu ukweli anapokuuliza mara ya kwanza.