Ukingo wa Nyonga

Shangazi yangu ana kichwa kigumu, na wala simsingizii. Miaka ishirini na mitano ameketi kwenye meza moja ya makumbusho akiunganisha mifupa ya kale kwa gundi na mswaki, asiandikwe jina popote. Mkubwa wake, Daktari, kaandikwa hadi kwenye mlango wa choo.

Mwaka huu, wiki moja kabla Shangazi hajastaafu, Daktari akamwahidi: nyonga aliyoiunga kwa vipande thelathini na kimoja itawekwa kabatini ukumbini, na jina lake chini. Ni ya jamaa wa mbali wa binadamu, wa miaka milioni mbili. Nyonga ndefu, nyembamba, ni ya sokwe. Fupi na pana kama bakuli, mwenyewe alitembea wima kama sisi. Hii ilikuwa bakuli kabisa. Mimi ninayefagia pale nilifurahi kuliko yeye, nikashonesha hadi nguo.

Basi siku ya kufunga kabati Shangazi akaitazama nyonga kwa muda mrefu, akamwita Daktari. Akamwambia kipande cha kumi na tisa hakikukaa sawa tangu mwanzo. Alihangaika nacho miezi mitatu, kikamtoa machozi, mwisho akachukua msasa akakisugua ukingo mpaka kikaingia.

Daktari akasema nani atajua. Kiumbe yule alitembea wima tu, hata goti lake linaonyesha. Mimi nyuma yake na ufagio wangu namkonyeza Shangazi anyamaze. Jamani, wiki moja tu.

"Mfupa una miaka milioni mbili," Shangazi akasema. "Ukingo huu una miaka kumi na miwili. Nimeutengeneza mimi."

Akachovya brashi kwenye dawa ya kuyeyusha gundi, akapaka, akasubiri. Kipande kikamdondokea mkononi.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Nyumbani hatukusemezana siku mbili. Ati njia ya mwongo ni fupi. Sawa, na ya mkweli imemfikisha wapi? Kastaafu kimya kimya, na kibao chenye jina lake wamekitupa. Nilikiokota mwenyewe kwenye taka.

Nyonga iko kabatini na pengo lake. Kila asubuhi nafuta kioo, na wageni hawakosi kuniuliza pale pana nini.

"Pale ni kazi ya shangazi yangu," nawajibu kwa hasira, huku naendelea kufuta kioo.