Rifleta za Tela la Baba Neema

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kisu. Fundi Mkuu wa yadi ile ya Maisaka, hapa Babati, alinionyesha tela lenye mistari ya stika iliyochakaa, akaniambia niibandue yote.

"Kukata utajifunza baadaye," alisema. "Anza kuvuta."

Nikavuta. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na stika kuukuu ikipata baridi hukatika vipande kama ganda la yai. Nilipokasirika nikaivuta kwa nguvu, na rangi ya tela ikaja pamoja nayo. Fundi Mkuu alilitazama bati lililobaki wazi.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, Mzee."

"Basi huko hawakufika kwenye subira. Stika unaipasha moto kwanza, halafu unaivuta ikiwa imelala, taratibu, kama unamvua shati mtoto aliyesinzia."

Tuliipasha kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto. Gundi iliyobaki tuliilegeza kwa mafuta ya taa. Hapo ndipo wengi hukosea, maana mafuta ya taa huacha utando ambao jicho haliuoni. Bati lazima lioshwe kwa sabuni, likauke, kisha lipanguswe kwa spiriti. Ndipo unachora mstari wa chaki na kubandika, ukikandamiza kwa kipande cha mpira kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Ncha za stika unazikata mviringo, kwa kuwa upepo huanza kushika kwenye pembe.

Yadi ile ilikuwa na desturi yake. Kipande kidogo cha stika tulikibandika kwenye mlango wa bati wa stoo, mahali palipooshwa sawasawa na tela. Tulikiita shahidi. Asubuhi fundi alikivuta kwa kucha, na shahidi akitoka, tela haliondoki.

Miguu yangu haijawahi kutulia. Baada ya miaka mitatu nilihamia Singida, kwa Msimamizi wa Yadi aliyekataza mtu kuongea akiwa ameshika kisu. Kisha Dodoma, kwa Meneja ambaye hakuwahi kushika stika kwa mkono wake. Kila nilipokaa niliikumbuka baridi ya Babati, mwishowe nikarudi Maisaka. Fundi Mkuu hakuniuliza nilikokuwa. Alinipa kisu tu.

Ilikuwa msimu wa mbaazi alipopata msiba kwao Mbulu, akaniachia yadi. Mchana uleule Baba Neema, dereva niliyemfahamu miaka mingi, akaleta tela lake limejaa magunia. Rifleta zake za nyuma, zile stika nyekundu na nyeupe zinazowaka zikimulikwa, zilikuwa zimepauka kabisa.

"Kesho alfajiri naenda Dodoma," alisema. "Utaweza, au tumsubiri mwenye yadi?"

"Nimebandika matela ya mikoa mitatu, Baba Neema."

"Mikoa mitatu, na shati bado unafunga vifungo vimepishana."

Nilicheka, nikaanza kazi. Nilipofika kwenye kupangusa, chupa ya spiriti ilikuwa tupu. Duka la dawa lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Nilisugua bati kwa kitambaa kikavu mpaka likang'aa, nikajiambia limetakata. Nikabandika rifleta, nikabandika na shahidi.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Baba Neema alikuwa na haraka, na mimi sikupenda kumvuta shahidi mbele yake. Nikamwambia, "Safi, nenda." Tela lilipotoka getini nikaenda stoo kuchukua ndoo. Shahidi alikuwa sakafuni.

Nilikimbia barabarani, nikamsimamisha mtu wa bodaboda. Nikampigia Baba Neema simu ikaita bila kupokelewa. Tulipita Bonga taa zimewashwa, hatuoni zaidi ya hatua ishirini. Baada ya mlima kuanza nikaona kitu chekundu kwenye lami, nikashuka kukiokota. Ilikuwa rifleta yangu. Mbele kidogo kulikuwa na nyingine, imejikunja. Nilipookota ya tatu nilirudi kwenye bodaboda mbio.

Tulilikuta tela kwenye mteremko, limesimama nusu barabarani kwa pancha. Nyuma lilikuwa jeusi tupu. Baba Neema alikuwa amelala chini yake akizungusha jeki, na majani ya tahadhari alikuwa ameyaweka hatua tano tu.

"Baba Neema, toka huko!"

"Nani? Fundi? Umefuata nini?"

"Majani umeyaweka karibu!"

"Si kuna rifleta mpya? Nani asinione?"

Nyuma yetu nikasikia lori likishuka. Nilikimbia kurudi juu kulifuata, nimeinyoosha rifleta kwa mikono miwili juu ya kichwa. Taa zikatokea kwenye ukungu, kubwa, zikaja moja kwa moja. Rifleta ikawaka mikononi mwangu. Honi ikalia, breki zikalia, na lori likanipita upande, likalipita tela kwa nafasi ya kiganja, likapotea.

Baba Neema alitoka chini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitazama nyuma ya tela, kisha mikono yangu. Nikamweleza habari ya spiriti.

"Nilikuwa chini ya tela, Fundi," alisema.

"Najua."

Tulifunga tairi, tukageuza mahali barabara ilipopanuka, na bodaboda ikatufuata nyuma taa zinawaka mpaka Babati. Nilinunua spiriti, nikaanza upya. Kesho yake shahidi alivutwa na Baba Neema mwenyewe, mara tatu.

Fundi Mkuu aliporudi nilimwambia yote.

"Ulikosa spiriti, au ulikosa kusema?"

"Kusema."

Akanyoosha mkono nikampa kisu. Msimu mzima ule nilirudi kuvuta.

Mwaka huu nimeacha kazi. Sijafika hamsini, ila vidole vimeingia ganzi na kucha haishiki tena ukingo wa stika. Wewe unayetaka kubandika tela lako mwenyewe, usiogope. Kazi yenyewe ni ya sabuni na subira. Lakini usimwambie mtu kitu ni safi kabla hujakivuta.

Siku yangu ya mwisho Baba Neema alikuja yadini na rifleta alizonunua mwenyewe. Alikataa nizishike. Alipasha, akabandua, akaosha, akapangusa kwa spiriti, kazi ya siku nzima, huku mimi nimekaa kwenye tairi kuukuu nikitazama. Asubuhi iliyofuata alinipeleka kwenye mlango wa stoo, akasimama pembeni.

"Vuta, Fundi."

Nilivuta kwa mikono yote miwili, mpaka ganzi ikageuka maumivu. Shahidi hakusogea. Baba Neema akapanda kwenye kichwa cha gari, akawasha, akaondoka kuelekea Bonga.