Suke la Ngano Kiganjani mwa Bibi

Juzi nilishuka Basotu kutafuta suke la ngano. Suke moja tu, ndugu yangu, usinicheke. Kule tulikokulia, pembeni mwa mashamba makubwa ya serikali, zamani ngano ilienda mpaka macho yachoke. Msimu wa mavuno kombaini zilianza kunguruma hatujanywa hata uji, na mngurumo ule ulikupata kwanza kwenye nyayo, kupitia ardhini, ndipo ukafika masikioni.

Asubuhi moja bibi alikaa mlangoni, miguu peku, akisuka maziwa kwenye kibuyu. Chubwi, chubwi, kama mtu anayetembea kwenye matope bila haraka. Ghafla ikakatika.

"Mjukuu wangu, mbona leo ardhi inanguruma mguu mmoja tu?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Kibuyu kikamponyoka mkono wa kushoto, maziwa yakamwagikia miguuni, wala hakutazama chini.

Kiharusi, walisema zahanati. Baada ya muda mdomo ulinyooka, mguu ukaanza kujikokota. Mkono ukabaki na ganzi. Mama aliukanda kwa siagi kila asubuhi, nami nikapewa kazi yangu: bibi afumbe macho, nimpitishie suke kiganjani, zile ndevu zake zinazochoma. Akihisi, acheke. Baba, aliyekuwa dereva wa kombaini, alishasema kwamba mkono usipoamka hadi mavuno yaishe, bibi atapelekwa Masieda kwa baba mkubwa, maana kwetu alishinda peke yake na moto. Bibi hakutaka hata kusikia. Ng'ombe wake walikuwa hapa, na mimi nilikuwa hapa.

Basi siku moja akacheka, kicheko kikubwa kweli.

"Bibi, bado sijagusa."

Akafumbua jicho moja. "Nyamaza wewe! Baba yako yuko nje?"

Jioni yake ikasikika harufu kama ya ngozi ya mbuzi inayobabuliwa. Bibi alikuwa anatusimulia habari za fisi, mkono wa kushoto umelala juu ya jiwe la jikoni. Mama alipopiga ukelele, bibi akageuka kuangalia nani ameungua.

Hakuna aliyebishana tena. Kombaini zikawa zinanyamaza moja moja, na kila iliponyamaza moja, nilihesabu zilizobaki. Asubuhi ya safari lori la ngano likapiga honi barabarani. Bibi alikuwa amefungwa shuka, anawatazama ng'ombe. Nikashika kiganja chake, nikapitisha suke kwa mara ya mwisho. Hakucheka. Aliuchomoa mkono wake.

"Unaniumiza, mtoto mbaya wewe!"

Baba akalichukua suke, akajaribu mwenyewe.

"Na wewe pia!" bibi akafoka.

Baba akaenda kumwambia dereva wa lori aondoke bila bibi.

Bibi alisuka maziwa miaka mingine, chubwi yake ikichechemea. Leo hayupo. Kombaini ni vyuma vya kutu, upande wetu wote umejaa magugu. Nilivua viatu pale ulipokuwa mlango, nikasikiliza kwa nyayo. Kimya.

Suke nililitaka kwa ajili ya mama. Mkono wake wa kushoto una ganzi tangu kiharusi cha mwezi uliopita. Hospitali wamesema ameze dawa, tumkande, tusubiri. Nimerudi mikono mitupu, nikaokota unyoya wa kuku. Mama akafumba macho, akacheka vizuri sana.

"Nimehisi, mwanangu!"

Unyoya ulikuwa bado mfukoni.